Souvlaki ya kondoo inanikaukia

Swali: Ndugu zangu, mara mbili nimetengeneza souvlaki, yaani mishikaki ya Kigiriki, kwa nyama ya kondoo niliyoiloweka usiku kucha katika maji ya limau, lakini imetoka kavu na juu imekuwa ya ungaunga. Nimekosea wapi?

Jibu la kwanza: Limau ndilo lililokuponza, kwa sababu asidi ikikaa na nyama muda mrefu huiharibu upande wa nje. Tumia zaidi mafuta ya zeituni, kitunguu saumu, chumvi na oregano kavu (majani ya kiungo yenye harufu nzuri), uiache kwa saa 2 hadi 4, kisha ukamulie limau nyama inapotoka motoni. Bizari usitie, itageuka mishikaki yetu, ambayo sina ugomvi nayo.

Jibu la pili: Naongeza kwamba nyama ya paja, ikikatwa vipande vya sentimita 3 bila kuondolewa mafuta yote, haikauki upesi. Subiri makaa yafunikwe na majivu meupe, na vijiti vya mbao uviloweke majini dakika 30.

Muulizaji: Ahsanteni. Mafuta nilikuwa nikiyaondoa yote!