Naomba ushauri: kutoka PostgreSQL 15 kwenda 17 kwenye Debian 12

Wakuu, heshima kwenu. Nina seva ya Debian 12 inayobeba mfumo wa stoo na mauzo wa duka la vipuri vya magari. Kanzidata ni PostgreSQL 15, ile inayokuja na Debian yenyewe. Sasa kijana anayetuandikia ripoti anataka JSON_TABLE (ya kugeuza data ya JSON kuwa jedwali), na hiyo imeanza kwenye 17.

Najua Debian 13 inakuja na 17, ila kugusa mfumo mzima kwa ajili ya kitu kimoja naona ni kujitafutia balaa. Isitoshe, glibc (maktaba ya msingi ya mfumo, inayoamua pia mpangilio wa herufi) ikibadilika, faharasa za maandishi huenda zikahitaji kujengwa upya. Kwa hiyo nafikiria kuongeza ripo ya PostgreSQL wenyewe, apt.postgresql.org, niweke 17 kando ya 15. Ikishawekwa hujitengenezea klasta tupu (seti yake ya kanzidata) kwenye poti 5433. Hiyo naifuta kwanza kwa pg_dropcluster, kisha naendesha pg_upgradecluster 15 main, amri ya kuhamisha klasta ya 15 kwenda 17.

Kinachonikwamisha ni njia ya kuhamisha data. Ya kawaida, ya dampo (kutoa data yote na kuipakia upya), ni salama lakini ni ya polepole, na diski haina nafasi ya kukaa nakala mbili. Njia ya --link, inayotumia faili zilezile bila kuzinakili, inamaliza haraka mno, ila 17 ikishawaka, kurudi 15 ndiyo basi tena.

Aliyewahi kutumia --link kwenye seva yenye kazi, ulijilinda vipi? Bakapu ya pg_dumpall (dampo la kanzidata zote) kwenye diski ya nje inatosha, au nitafute mashine ya pili nijaribie huko kwanza? Duka linafungwa Jumapili tu.