Tupeane uzoefu: nani aliwahi kuugua kwa siri?

Mama Zulfa, Bombo: Jana msibani udongo haujakauka, watu wanabishana marehemu "aliumwa nini hasa". Nikakumbuka yangu. 2016 niliambiwa nina saratani ya shingo ya kizazi. Mashine ya mionzi ilikuwa moja tu Uganda nzima, na mwaka huohuo ikafa. Nikaenda Nairobi, dukani nikaaga nafuata mzigo Eastleigh. Wiki sita! Usiku wa Idi nilikuwa peke yangu gesti, natapika kwenye beseni, simu inalia naulizwa bei ya vitenge. Nikajibu bei. Narudi, mwili umekwisha, begi tupu. Nikapitia soko la Owino, Kampala, nikanunua magauni ya mitumba, nikayapiga pasi, nikayauza kama mzigo wa Nairobi. Siku mbili yakaisha. Jirani akataka nimpe dawa ya kupungua.

Wa Kasese: Pole mama. Hilo la simu ya Idi nalijua.

Afande Mstaafu: Siri hizi zinaua. Mwanamuziki wetu Philly Lutaaya alitangaza UKIMWI wake 1989, wakati wagonjwa wa "slim", ndivyo tulivyouita, wanakimbiwa hata na ndugu. Angejificha tungejifunza wapi?

Mama Zulfa, Bombo: Afande, yeye alijitangaza kwa mdomo wake. Mimi ningetangazwa na senga, shangazi yangu.

Afande Mstaafu: Na mumeo je? Hakuwa na haki?

Mama Zulfa, Bombo: Alijua yeye peke yake. Aliyekuwa anauliza bei ya vitenge ni yeye, mama yake kakaa pembeni anasikiliza.

Kopo Halilii: 😂 Mimi naishi Kampala, ARV nazichukulia Masaka, mwaka wa tisa huu. Kwenye kopo tia pamba juu ya vidonge, la sivyo ukiwa kwenye taksi linacheza kama kayamba na kila abiria anajua.

Wa Kasese: Mwambieni mtu mmoja tu, asiwe ndugu.

Bint Arua: Hapana, awe ndugu. Rafiki mkigombana umekwisha.

Kopo Halilii: Mwambie mwenyekiti wa LC, yule wa serikali ya mtaa. Hajawahi kukumbuka shida ya mtu.

Boda wa Kisenyi: Jamani ngojeni. Mama yangu alinunua gauni "la Nairobi" Bombo 2016. Lina doa la wino mfukoni.

Mama Zulfa, Bombo: La njano?

Boda wa Kisenyi: La njano.

Mama Zulfa, Bombo: Mwanangu, njoo inbox.