Raketi ya kiwandani au ubao na raba za kubandika? Msaada wadau

Kona_ya_Meza: Wakuu, habari za jioni. Nataka kununua raketi ya mpira wa meza. Nimebaki na machaguo mawili: ile inayouzwa tayari ina raba, au ubao wa Stiga Allround Classic na raba za Yasaka Mark V nibandike mwenyewe. Ipi inafaa kwa mashindano? Naomba kuwasilisha.

Babu Sponji: Mashindano yapi, mkuu? Unashambulia au unalinda? Bajeti? Unashika kama unayempa mtu mkono au kama kalamu? Weka hayo mezani, la sivyo tutakupotosha.

DadaTopspini: Ubao na raba, usisite. Raba ikichoka unabandua, unabandika nyingine, ubao unaendelea kukutumikia. Mark V iko sokoni tangu 1969 na bado inatafutwa.

Mkia wa Nyuki: Forihendi, upande wa kiganja, weka raba ya Hurricane 3 ya DHS. Inanata, mpira unazunguka hadi mpinzani anaurudisha nje.

Babu Sponji: Hurricane sponji yake, ile tabaka ya chini ya raba, ni ngumu. Asiyejua kutumia kiuno na miguu mpira utaishia wavuni. Usimpe mtu ambaye hata hajasema amecheza muda gani.

Kijana wa Hosteli: Ndugu, angalia kwanza unanunua kwa nani. Mimi niliuziwa mtandaoni, muuzaji akaapa ni orijino. Tukaenda mashindano ya vyuo. Mwamuzi akaichukua kabla ya mechi, akapitisha kidole ukingoni, akaigeuza upande mwekundu, akatafuta nembo ya ITTF, shirikisho la dunia la mpira wa meza, pale juu ya mpini. Hakuna. Upande mweusi, hakuna. Akaikataa palepale. Nikaazimwa raketi ambayo raba yake imekauka, mpira unateleza tu, kila nikianzisha napigwa. 3-0, nikarudi benchi. Muuzaji hakupokea simu tena. Hadi leo naumia.

DadaTopspini: Pole sana. Ndiyo maana nasisitiza raba zilizoidhinishwa. Raba na sponji pamoja na gundi zisizidi milimita 4. Upande mmoja lazima uwe mweusi, wa pili rangi ng'avu. Tangu Oktoba 2021 hata bluu, kijani, waridi na zambarau ruksa.

Mkia wa Nyuki: Sheria zimebadilishwa mno. Enzi za pointi 21 na mpira wa milimita 38 ndipo mchezo ulikuwa mchezo.

DadaTopspini: Sikubaliani. Pointi 11 zilipoanza 2001 kila mpira ukawa na uzito. Zamani mtu akiongoza 15-4 watazamaji wanaondoka.

Kona_ya_Meza: Samahani, mtaani kwetu tunabishana: ukianzisha singo, mmoja kwa mmoja, lazima upige mshazari?

Babu Sponji: Hapana. Singo unaanzisha popote upande wa mpinzani. Mshazari ni dabo tu, wawili kwa wawili, kutoka nusu yako ya kulia kwenda nusu ya kulia ya anayepokea. Ila mpira urushwe juu angalau sentimita 16, na usiufiche kwa mwili. Bajeti bado hujasema.

Kona_ya_Meza: Nashika kama wa kupeana mkono. Bekihendi, upande wa mgongo wa mkono, nalinda zaidi.

Mkia wa Nyuki: Ohoo! Basi bekihendi weka raba ya vipele virefu, washambuliaji watakukimbia.

Babu Sponji: Vipele virefu kwa anayenunua raketi ya kwanza? Mkia, hapo hapana kabisa.

Mkia wa Nyuki: Kwani amesema ni ya kwanza?