Mrejesho: Meno ya binti yangu wa miaka 2
Ndugu zangu, nilipouliza kama ningoje binti yangu atimize miaka 3 ndipo nimpeleke kwa daktari wa meno hapa Jinja, wengi mlinihimiza nisingoje, kwa kuwa mtoto hupaswa kuonwa jino la kwanza linapoota au kabla hajatimiza mwaka 1. Nawashukuru sana, nilimpeleka. Lile doa jeupe nililoliona kwenye jino lake moja, karibu na ufizi, lilikuwa mwanzo wa kuoza, likapakwa floridi tu (madini ya kuimarisha meno). Jino la pili lilikuwa limekwisha kutoboka, nalo halikuzibwa, maana alilia na kufumba kinywa (hata kumpakata mlivyonishauri hakukusaidia). Sasa namsugua meno kwa dawa ya meno yenye floridi, kiasi cha punje ya mchele. Kumwachisha chupa ya maziwa ya usiku bado kunatushinda. Tutarudi mwezi ujao.