Mnada wa kwenye grupu la WhatsApp: nifunge vipi dau na nipokee vipi pesa bila kupigwa?

MgeniMwanjelwa:
Wakuu, habari za jioni. Nipo Mbeya mjini. Nataka kuuza cherehani ya kukanyaga na jenereta ndogo ya petroli kwa mnada kwenye grupu lenye watu wa Mbeya, Njombe na Iringa. Bei ya kuanzia ya cherehani ni 150,000. Naomba wenye uzoefu wanisaidie mambo matatu: masharti ya mnada yaandikweje ili mshindi asinikimbie, pesa nipokee kwa njia gani, na mzigo niutume vipi ukifika Iringa uwe mzima.

DauHalali:
Karibu sana. Minada mingi ya magrupu huharibika kwa sababu masharti yanatajwa baada ya ugomvi kuanza. Andika yote kwenye tangazo la kwanza: bei ya kuanzia, kima cha kupandisha (kwa 150,000 weka 5,000, vinginevyo watu watapandisha mia mia), saa ya kufunga, nani analipa nauli ya mzigo, na namba moja tu ya kupokelea malipo pamoja na jina linalotokea ukituma.

Funga saa 2 au saa 3 usiku, watu wakiwa wametulia nyumbani. Weka sharti kwamba dau likiingia ndani ya dakika 5 za mwisho, muda unaongezwa dakika 5. Bila hilo kila mtu hujificha mpaka sekunde ya mwisho, na mtandao ukisuasua madau mawili hupangika tofauti kwenye simu tofauti. Kwa hiyo andika pia kwamba linalohesabika ni lililotangulia kwenye simu ya adimini. Muda ukiisha, adimini afunge grupu ili maadimini pekee waweze kuandika, apige skrinshoti, ndipo amtangaze mshindi. Meseji za kujifuta zizimwe kabla mnada haujaanza. Kila dau liandikwe kama jibu (reply) la picha ya bidhaa husika, maana ukiuza vitu viwili kwa pamoja, "160" peke yake haisemi ni ya cherehani au ya jenereta.

Mpe mshindi saa 24 za kulipa. Asipolipa, mfuate wa pili kwa bei aliyoitaja yeye mwenyewe. Hapa ndipo matapeli huingilia: huwa wamekaa kimya kwenye grupu, wanawatumia walioshindwa meseji ya faragha, "mshindi kaghairi, lipia hapa". Ndiyo sababu tangazo liseme wazi kuwa hakuna namba nyingine ya malipo.

Na tafadhali usimweke ndugu yako apandishe bei. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamruhusu mnunuzi kuhesabu jambo hilo kuwa ni udanganyifu kama muuzaji hakutangaza mapema kwamba naye atashindania. Kama kuna bei ambayo huwezi kushuka chini yake, sema tu kwamba ipo.

Dada_Mafinga:
Kamwene! Nizungumzie pesa, maana ndipo wengi wanapoumia.

Meseji ya "umepokea" si malipo. Mtu anaweza kuiandika kwa mkono akaituma kutoka namba ya kawaida, na muuzaji mwenye haraka akasoma kiasi tu. Angalia salio mwenyewe kwenye menyu: M-Pesa ni *150*00#, Airtel Money *150*60#. Salio halijaongezeka, hujalipwa, hata kama mnunuzi anapiga simu kila dakika akisema basi linaondoka. Haraka yake ndiyo dalili yenyewe. Meseji za kitapeli zipelekwe namba 15040.

Akisema "nimezidisha, nirudishie 80,000", angalia salio kwanza. Hata kama pesa imeingia kweli, usimtumie wewe kwa namba anayokutajia. Mwambie apige huduma kwa wateja wa mtandao wake, muamala urudishwe kwa utaratibu wao.

Kuna utapeli mwingine ambao wauzaji wachache wanaufahamu. Tapeli anashinda mnada wako, kisha anachukua picha zako na kuitangaza cherehani hiyo hiyo kwingine. Mtu wa tatu anaipenda, anapewa namba yako, analipa. Wewe unaona pesa imeingia, unamkabidhi tapeli mzigo. Aliyelipa akienda polisi, namba anayoitaja ni yako. Dawa yake: jina la aliyetuma pesa, jina la mshindi na jina la anayepokea mzigo yafanane, na ulidai hilo kwenye masharti. Jina likiwa geni, mpigie aliyetuma na umuulize amelipia nini, kwa nani. Pia piga picha ukiwa umeweka karatasi yenye jina la grupu na tarehe juu ya bidhaa, ili asiyekuwa nayo apate shida kuitangaza.

Mnunuzi wa hapo hapo Mbeya anayetaka kulipa taslimu, kutaneni mchana kwa wakala. Wakala azihesabu na kuzikagua noti, akuwekee kwenye simu yako, ndipo mali ibebwe.

MizigoUyole:
Cherehani: toa sindano, bobini na mkanda. Kunja kitambaa, kiweke chini ya mguu wa kubania, ushushe mguu. Funga gurudumu kwa kamba lisizunguke. Kichwa kitoe kwenye meza kisafiri peke yake, kimeviringishwa sponji ndani ya katoni ngumu, kwa sababu chuma chake kikidondoka hakipindi, kinakatika. Halafu nailoni juu ya katoni, hasa masika; buti la basi huingiza maji.

Jenereta: mwaga petroli yote, uwashe mpaka izime yenyewe ili kabureta ikauke. Mwaga na oili, kwani ikilazwa oili hupanda kwenye silinda na chujio la hewa, mpokeaji akivuta kamba inakuwa ngumu au inatoa moshi, atakwambia umemuuzia kopo. Mwandikie kwa herufi kubwa: HAINA OILI.

Katia risiti ofisini kwa basi, usimpe konda barabarani. Risiti iwe na aina ya mzigo, thamani yake, jina na simu ya mpokeaji, na namba ya gari. Taja kituo cha kushushia. Iringa mji uko juu na barabara kuu inapita chini, kwa hiyo andika Igumbilo au Ipogolo, si "Iringa" tu. Wa Njombe, tafuta gari linalokwenda Njombe au Songea; la Dar litamwachia mzigo Makambako.

MgeniMwanjelwa:
Ndaga fijo wote. Swali la mwisho: mshindi akitaka kulipa nusu sasa, nusu mzigo ukifika?

Dada_Mafinga:
Usikubali, ndugu yangu. Mzigo ukishafika Igumbilo huna nguvu tena, na kuurudisha ni nauli yako. Kama hakuamini, amtume mtu wake aliyeko Mbeya aikague cherehani ikishona mbele yake. Akiridhika, alipe yote kabla haijafungwa kwenye katoni.