Maharagwe 11

Kikundi: Majirani wa Ploti, Umoja

JUMATANO

19:04 Mama Neema: Majirani, hamjambo. Nina jambo la watoto, naomba mnisikilize hata kama kila mtu yuko jikoni. Wiki hii Neema amerudi kutoka shule siku tatu mfululizo akajitupa kwenye kochi, analala kabla hata ya kuvua viatu. Leo nikamuuliza shuleni mmekula nini. Githeri. Ulishiba? Nilishiba. Halafu akaniambia alihesabu maharagwe kwenye sahani yake. Yalikuwa 11. Mengine yote mahindi.

19:05 Baba Tito: 11??

19:05 Mama Neema: 11. Na kabichi anasema ilikuwa laini kama karatasi iliyolowa.

19:07 Mama Brayo: Wangu wa PP2, chekechea, hajui kueleza, lakini sweta lake siku hizi halirudi na doa la mchuzi. Nilikuwa nashukuru, kumbe mchuzi wenyewe hakuna.

19:09 Baba Tito: Tunalipa shilingi 30 kwa siku kila mtoto. Watoto 120. Hapo kuna mtu anakula pesa ya watoto wetu, iko wazi.

19:16 Mama Jikoni: Baba Tito, mimi nimo humu. Mimi ndiye ninayepika.

19:16 Baba Tito: Pole mama, sikukusudia wewe.

19:22 Mama Jikoni: Najua. Lakini wacha niseme, maana sijawahi kuulizwa. Kila asubuhi stoo napimiwa kwa gorogoro, ule mkebe wa kupimia nafaka: gorogoro 8 za mahindi na gorogoro 1 ya maharagwe. Sipimi mimi. Mahindi juzi yalikuwa shilingi 120 kwa gorogoro, maharagwe 280. Mkipiga hesabu mtaona kwa nini mkurugenzi wa shule anaegemea mahindi. Juu yake weka kabichi, mafuta, kuni, mshahara wangu na wa yule msichana anayenisaidia, na chai. Hakuna anayejenga nyumba na hiyo 30. Nimepika pale miaka sita na nyinyi ndio mnaouliza leo.

19:24 Mama Neema: Nisamehe, mama. Ningekuja kwako kwanza kabla ya kuandika hapa.

19:25 Mama Jikoni: Hakuna neno. Hata mimi hiyo sahani hainifurahishi. Naiona ikirudi.

19:31 Shosho wa 14: Naandikiwa na mjukuu. Mimi nilikuwa nafundisha wakati maziwa ya Nyayo, yale ya bure ya shuleni, yalipoanza, 1979. Kila mtoto pakiti yake ya mililita 200, awe wa tajiri au wa maskini. Siku za maziwa hakuna aliyekosa shule. Nilikuwa na mvulana mmoja aliyekuwa akinywa nusu, nusu anaificha kwenye mkoba ampelekee mdogo wake. Sijamsahau. Mtoto akiwa na njaa darasani mwalimu anaona, hata kama tumbo limejaa.

19:33 Mama Brayo: "Hata kama tumbo limejaa." Shosho, hapo ndipo penyewe.

19:47 Nesi Ghorofa ya 2: Nimetoka zamu sasa hivi, nimesoma yote. Mama Neema, kwanza mlete mtoto kliniki apimwe damu, usingizi wa aina hiyo tusiubahatishe. Pili, kuhusu githeri.

19:53 Nesi Ghorofa ya 2: Githeri si chakula kibaya, msikitukane. Wazee waliochanganya mahindi na maharagwe walijua wanachofanya. Protini ya mahindi ina upungufu wa kijenzi kimoja kinachoitwa lisini, na maharagwe yana lisini tele. Maharagwe nayo yana methionini kidogo, na mahindi yanaifidia. Vikikutana kwenye sahani moja mwili unapata protini kamili, karibu na ya nyama. Lakini ni lazima vikutane kweli. Gorogoro 8 kwa 1 havijakutana, vimepitana tu njiani. Mimi ningetaka 6 kwa 3.

19:55 Nesi Ghorofa ya 2: Mama Jikoni, maharagwe unayaloweka? Na unatumia magadi?

19:58 Mama Jikoni: Siloweki, napewa asubuhi. Magadi naweka, bila hiyo mahindi hayaivi na kuni ni ghali.

20:03 Nesi Ghorofa ya 2: Nakuelewa. Ila magadi yanaua vitamini B1 na vitamini C. Ukipewa vitu jioni ukaloweka usiku kucha, vinaiva haraka bila magadi, kuni zinapungua, na tumbo la mtoto halijai gesi. Maji ya kulowekea umwage. Pia kuloweka kunapunguza ile asidi ya kwenye mbegu inayoshikilia madini ya chuma yasiingie mwilini.
Kabichi na sukuma viingie sufuria mwisho kabisa, dakika chache tu, na maji yake yasimwagwe. Vitamini C inakufa kwa moto mrefu, na hiyo ndiyo inayosaidia chuma cha maharagwe kuingia kwenye damu.

20:05 Mama Jikoni: Kabichi mimi huanza nayo saa tatu ili nimalize mapema 😔

20:06 Nesi Ghorofa ya 2: Usijilaumu. Mtu mmoja na msaidizi kwa watoto 120, nani angefanya tofauti.

20:11 Baba Tito: Dada yangu yuko Kayole, mtoto wake anasoma shule ya serikali. Kule wana Dishi na County, ule mpango wa kaunti wa chakula cha shule uliozinduliwa 2023. Mtoto ana bangili, anaigusisha kwenye kimashine, anapewa sahani yake. Mzazi analipa shilingi 5. Mbona sisi 30 na maharagwe 11?

20:13 Mama Brayo: Ile ni ya shule za umma, kaunti inalipia sehemu kubwa. Yetu ni ya mtu binafsi, haimo.

20:14 Baba Tito: Watoto si ni wa Nairobi hii hii?

20:15 Mama Neema: Ni wa Nairobi hii hii, na mimi pia inaniuma. Wengi wetu tuko pale kwa sababu shule ya serikali iliyo karibu imejaa hadi mlangoni. Lakini mtoto atakula kesho saa saba, kaunti ikibadili mawazo au isibadili. Tuangalie tunachoweza.

20:17 Mama Neema: Tukitoa gorogoro 2 za mahindi tukaingiza 2 za maharagwe, nyongeza ni shilingi 320 kwa siku. Kwa watoto 120 haifiki shilingi 3 kila mmoja. Nani anaweza 3?

20:17 Mama Brayo: Mimi naweza.

20:26 Baba Tito: Mimi siwezi. Nasema ukweli. Nina wawili pale, na mjengo ni kazi ya siku, mvua ikinyesha hakuna kitu. Na si mimi peke yangu, wengine hawataandika humu. Chakula kikipanda hata kidogo kuna mtoto atakaa nje akiangalia wenzake wanakula. Tito ashakaa nje muhula wa kwanza. Sitaki kuona hiyo tena kwa mtoto wa mtu yeyote.

20:27 Mama Neema: Asante kwa kusema, Baba Tito. Basi 3 tunaiondoa.

20:38 Nesi Ghorofa ya 2: Mama Jikoni, umetaja chai. Chai gani, na wanapewa saa ngapi?

20:40 Mama Jikoni: Ya rangi. Wakimaliza kula tu. Ilianza kwa ajili ya baridi ya Julai, ikabaki.

20:41 Nesi Ghorofa ya 2: Inagharimu kiasi gani?

20:45 Mama Jikoni: Sukari kilo moja na robo, tuseme 190. Majani 30. Kuni sijahesabu.

20:51 Nesi Ghorofa ya 2: Majirani, hapo. Chai juu ya chakula inazuia madini ya chuma. Hayo maharagwe machache waliyokula, chai inafuata nyuma na kufunga mlango. Tunalipa shilingi 220 kila siku kupunguza faida ya chakula tulicholipia. Ikitolewa wakanywa maji safi, tunabaki na pengo la shilingi 100 tu.

20:52 Mama Neema: 100 kwa watoto 120.

20:52 Mama Brayo: Haifiki hata shilingi moja kwa mtoto!!

20:54 Baba Tito: Shilingi 10 kwa wiki kwa wangu wawili. Hiyo naweza. Tito atalia chai yake lakini atanyamaza.

20:55 Mama Neema: Julai ikirudi?

20:57 Nesi Ghorofa ya 2: Chai iende saa nne ya mapumziko, iwe mbali na chakula. Au uji wa wimbi, hapo sina ugomvi kabisa, wimbi lina kalsiamu nyingi.

21:02 Baba Tito: Kuna jamaa pale Mutindwa anauza mahindi shilingi 80 kwa gorogoro. Yameshika unyevu kidogo tu, tukiyaanika tunaokoa zaidi.

21:02 Shosho wa 14: Hapana.

21:06 Shosho wa 14: Hayo usiyaguse, Baba Tito, hata ukipewa bure. Kwetu ni Makueni. 2004 mahindi yalivunwa na unyevu, yakaota ukungu, yakaliwa kwa sababu njaa ilikuwepo. Makueni, Kitui na kwingineko watu 125 walikufa na ile sumu. Macho yanageuka manjano, tumbo linajaa maji. Kuanika hakuitoi na kuchemsha hakuitoi.

21:07 Nesi Ghorofa ya 2: Shosho amesema kweli. Sumukuvu haifi kwa moto wa jikoni.

21:08 Baba Tito: Nimeshika. Asante Shosho.

21:15 Mama Brayo: Na omena, wale dagaa? Mimi hununua Gikomba kwa jumla, nauza hapa Umoja. Naweza kutoa gorogoro moja kwa wiki kwa bei niliyonunulia.

21:18 Mama Jikoni: Watoto wanaogopa yale macho.

21:20 Mama Brayo: Naikaanga kavu bila mafuta mpaka ivunjike, nasaga iwe unga, unakoroga kwenye mchuzi wa nyanya. Brayo amekula hivyo tangu ana mwaka mmoja na hajui anakula samaki.

21:22 Nesi Ghorofa ya 2: Mzima mzima na mifupa yake, kalsiamu yote imo. Ila wazazi waulizwe kwanza kama kuna mtoto anayedhuriwa na samaki, na watoto waambiwe wanakula nini.

21:23 Mama Brayo: Sawa, hata Brayo nitamwambia.

21:24 Shosho wa 14: Kuna mti wa mapera nyuma ya choo cha zamani, yanaoza chini. Yachukuliwe.

21:25 Nesi Ghorofa ya 2: Pera lina vitamini C kushinda chungwa, tena mbali. Yaoshwe vizuri tu.

IJUMAA

17:40 Mama Neema: Tumetoka kwa mkurugenzi, mimi, Nesi na Mama Jikoni. Alianza kwa kujitetea, akasema wazazi wana madeni ya muhula uliopita, na hilo ni kweli. Mama Jikoni akamwekea hesabu mezani kwa mwandiko wake: 220 inayotoka, 320 inayoingia. Akaisoma mara mbili. Amekubali majaribio ya wiki nne. Mahindi 6, maharagwe 3, vipimwe jioni. Chai imetoka. Shilingi moja hailazimishwi, na hakuna mtoto atakayezuiwa kula kwa sababu yake. Hilo nimeomba liandikwe, ameliandika.

17:42 Baba Tito: Mungu awabariki 🙏

17:44 Mama Brayo: Na ugali wa Alhamisi?

17:46 Nesi Ghorofa ya 2: Bado wanasaga posho mill, kinu cha mtaani. Unga wa pakiti kwa sheria tangu 2012 unaongezwa vitamini na madini ya chuma, wa posho mill hauna hayo. Lakini bei ni nyingine, tumeiacha kwanza.

17:50 Mama Neema: Neema nimempima pia. Damu iko chini kidogo, amepewa dawa, tunarudi baada ya mwezi.

17:51 Mama Jikoni: Pole kwa mtoto. Jumatatu nitamtazama mwenyewe.

JUMAPILI

18:33 Mama Jikoni: Nimetoka shuleni sasa hivi. Maharagwe 3 na mahindi 6 viko kwenye maji. Vimefura kuliko nilivyotarajia, sufuria yangu haitatosha.

18:35 Shosho wa 14: Ile yangu ya harusi ipo, ya kilo 50. Mje wawili, ni nzito.

18:36 Baba Tito: Naja na mkokoteni. Mama Jikoni, unawasha moto saa ngapi?

18:37 Mama Jikoni: Saa kumi na mbili. Uipitishe kabla ya hapo.