Kompyuta ya zamani inadai faili la usbehci.sys: CD, nakala ya diskini au kupakua?

Kadi Kongwe (mleta mada)

Wadau, salaam. Nina kompyuta ya Windows XP yenye Service Pack 3 (pakiti ya tatu ya masasisho ya mfumo) ambayo siwezi kuiacha, kwa kuwa draiva (programu za kuendesha kifaa) za skana yangu ya filamu za picha ziliishia kwenye mfumo huo. Matundu ya ubao mama ni ya USB 1.1, na kuhamishia picha za siku moja kwenye diski ya nje kunachukua usiku mzima, kwa hiyo nimepachika kadi ya PCI ya USB 2.0. Mfumo uliitambua kadi, ukaanza kusakinisha, kisha ukasimama na kudai faili liitwalo usbehci.sys. Nimeweka CD yangu ya Windows XP na kuuelekeza kwenye folda ya I386 (yenye mafaili ya mfumo), lakini unasisitiza kwamba faili halimo.

Nimewaza njia nne: kutafuta CD nyingine, kunakili faili kutoka kwenye kompyuta nyingine, kulipakua mtandaoni, au kuukarabati mfumo mzima kwa CD niliyo nayo. Naomba mnisaidie kuzipima kabla sijagusa kitu, maana picha zilizomo ni za miaka mingi.

Bisibisi

Ndugu mleta mada, mimi ningekarabati. Washa kompyuta kwa CD, chagua kusakinisha, kisha chagua kuukarabati mfumo uliopo. Mafaili yote ya mfumo yatarudishwa kwa mkupuo mmoja, na programu zako zitabaki.

Daftari la Fundi

Kwa heshima zote kwa Bisibisi, naomba njia hiyo isubiri, kwa sababu swali la kwanza halijaulizwa: CD hiyo ni ya toleo gani? Windows XP ilitoka Oktoba 2001 bila draiva ya USB 2.0, uwezo huo uliongezwa na Service Pack 1 mwaka 2002. Kama CD ya mleta mada ni ya toleo la mwanzo, basi usbehci.sys haikuwahi kuwamo, na hata akiisafisha CD hiyo mara kumi hatalipata.

Kukarabati kwa CD ya namna hiyo kunarudisha mafaili ya mwaka 2001 juu ya mfumo wa Service Pack 3. Kuna na jambo zito zaidi: toleo hilo la kwanza halikuweza kushughulikia ipasavyo diski inayozidi gigabaiti 137, uwezo ambao nao ulikuja na Service Pack 1. Ikiwa diski ni kubwa kuliko hapo na picha zimeandikwa ng'ambo ya mpaka huo, ukarabati unaweza kuziharibu. Kwa mtu mwenye picha za miaka mingi, hili peke yake linatosha kuiondoa njia ya nne.

Sasa, faili limekwenda wapi? Service Pack inaposakinishwa huacha nakala za mafaili yake katika C:\WINDOWS\ServicePackFiles\i386, na humo ndimo mfumo unamotafuta kifaa kipya kinapopachikwa. Folda hiyo ni kubwa, na wengi huifuta wanapotafuta nafasi kwa kudhani ni mabaki. Angalia kama bado unayo. Kama haipo, usikate tamaa, kwa sababu kuna ghala jingine ambalo watu hulisahau: C:\WINDOWS\Driver Cache\i386. Humo tafuta driver.cab na sp3.cab, yaani mafaili yanayobeba ndani yake mafaili mengi yaliyobanwa. Faili la pili ndilo lenye draiva zilizokuja na Service Pack 3.

Kabla ya yote, fungua C:\WINDOWS\setupapi.log kwa Notepad, ushuke hadi mwisho, na usome mistari inayoanza na #E. Hapo utaona mfumo umekwama kwenye faili gani na ulikuwa ukilitafuta wapi. Nimeona watu wakihangaikia faili moja kwa siku nzima ilhali lililokosekana ni jingine.

Nyaya Tatu

Nichangie kuhusu njia ya pili na ya tatu. Kunakili kutoka kwenye kompyuta nyingine kunafaa, mradi mashine zote mbili ziwe na Service Pack moja. Bonyeza faili kwa kitufe cha kulia, fungua sifa zake, uangalie toleo: mafaili mengi ya Service Pack 2 huishia na 2180, na ya Service Pack 3 huishia na 5512. Ukichanganya, draiva inaweza kukubali kusakinishwa na bado ikaiangusha kompyuta baadaye.

Tovuti zinazogawa faili mojamoja za mfumo mimi sizikubali hata kidogo. Faili la .sys hufanya kazi ndani kabisa ya mfumo, likiwa na mamlaka yote, na wewe huna njia ya kujua ni nani aliyeligusa. Kama ni lazima kupakua, tafuta pakiti nzima ya Service Pack 3 iliyotiwa saini na mtengenezaji, kisha uiendeshe kwa kiambishi /x ili ifunguke kwenye folda bila kusakinisha chochote. Faili likiwa na jina la usbehci.sy_, yaani lenye mstari wa chini mwishoni, limebanwa. Lifungue kwa amri ya expand, usilibadilishe jina tu.

Vumbi la Feni

Kwa wanaotunza Windows 98, hesabu ni tofauti kidogo. Ukibadilisha ubao mama, mfumo huanza kutambua upya kila kitu, na mara nyingi hudai CD kabla haujaweza kukisoma kiendeshi cha CD chenyewe. Hapo kuwa na CD halisi mkononi hakukusaidii. Nakili mapema folda ya WIN98 kwenye C:\WINDOWS\OPTIONS\CABS (haifiki megabaiti 200), kisha katika rejista ya mfumo, chini ya HKLM (yaani HKEY_LOCAL_MACHINE)\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Setup, badilisha SourcePath ielekee huko. Katika XP thamani hiyo hutaja folda inayoibeba I386, wala si I386 yenyewe. Kosa hilo dogo huwapotezea wengi muda.

Tena, usibonyeze kitufe cha kuruka faili. Usakinishaji utaendelea hadi mwisho kana kwamba umefaulu, na utabaki na draiva yenye pengo.

Bisibisi

Nimeiondoa rai yangu. La gigabaiti 137 sikulijua, na nimewahi kumshauri mtu mwingine vivyo hivyo, nitamtafuta leo.

Kadi Kongwe (mleta mada)

Nimerudi na majibu. CD yangu kweli ni ya toleo la mwanzo, na folda ya ServicePackFiles niliifuta mwenyewe mwaka jana nilipokuwa nikitafuta nafasi. Logi ilitaja usbehci.sys peke yake. Nilimalizia kwanza kunakili kwenye diski ya nje picha zilizokuwa zimebaki, jambo lililochukua usiku mmoja wa mwisho wa USB 1.1, kisha nikaunda folda C:\draiva na kuandika amri hii:

expand "C:\WINDOWS\Driver Cache\i386\sp3.cab" -F:usbehci.sys C:\draiva

Mfumo ulipodai faili tena, nikauelekeza kwenye folda hiyo, ukaendelea hadi mwisho, na alama ya njano ya tahadhari kwenye orodha ya vifaa ikaondoka. Diski ya nje sasa iko kwenye kadi mpya. Nimenakili pia sp3.cab na driver.cab kwenye flashi, na flashi hiyo nimeibandika kwa gundi ya karatasi ndani ya kasha la kompyuta.

Daftari la Fundi

Vizuri sana. Ibandike mbali na feni na mbali na kifaa cha kugawa umeme, kwani joto huifupishia flashi maisha.